Huntington inaanzia kwenye tabia, sisi tunasubiri mikono icheze

George Huntington alikuwa na miaka 22 tu mwaka 1872 alipoandika ile ripoti yake fupi kuhusu ugonjwa wa ubongo, ambao leo unaitwa kwa jina lake, uliokuwa kwenye familia za East Hampton, kule Long Island Marekani, na alitaja mambo matatu yanayoutofautisha ugonjwa ule na magonjwa mengine ya kutikisika viungo. La kwanza unarithiwa. La pili wagonjwa wana mwelekeo wa kuvurugikiwa akili na kujiua. La tatu unakuja ukubwani. Sasa angalia huo mpangilio: akili imewekwa namba mbili, zaidi ya miaka 150 iliyopita, na kijana ambaye hakuwa na skani wala maabara ya maana, alichokuwa nacho ni macho yake na uzoefu wa baba yake na babu yake waliokuwa madaktari wa watu haohao kabla yake. Halafu leo muulize mtu aliyesomasoma kidogo Huntington ni nini, atakwambia ni ule ugonjwa wa mwili kuchezacheza wenyewe. Basi, kamaliza.

Mimi nasema hapo ndipo tunapowaumiza wagonjwa na familia zao. Kinachovunja nyumba za watu wenye ugonjwa huu mara nyingi sio mikono kucheza, ni tabia kubadilika, na tabia inaanza kubadilika mapema, wakati mwingine miaka kadhaa kabla kidole hakijatikisika, na kichekesho (cha kulia, sio cha kucheka) ni kwamba katika mambo yote ya ugonjwa huu hilo la akili na hisia ndilo lenye sehemu kubwa inayotibika hata kwa dawa za bei ya kawaida.

Kwa asiyeujua, kwa kifupi. Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya 4, kila binadamu anayo, na ndani yake kuna herufi za vinasaba C, A na G zinazojirudia. Ukiwa na marudio 26 kushuka chini uko salama, ukiwa nayo 40 kwenda juu ugonjwa utakuja ukijaliwa umri wa kutosha, 36 hadi 39 unaweza kuja au usije. Mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu. Wengi dalili zinaanza kati ya miaka 30 na 50, na kutoka hapo mtu anaishi miaka kama 15 hadi 20. Kinachoharibika zaidi mwanzoni ni sehemu ya ndani ya ubongo inaitwa striatamu, na hii haishughuliki na mikono na miguu tu jamani, ina nyaya zinazokwenda mpaka mbele kwenye paji la uso, kule kwenye kupanga, kujizuia, kuanza jambo, kuacha jambo, kufurahia jambo. Ukishajua hilo tu, huwezi kushangaa mtu akibadilika tabia kabla hajabadilika mwendo.

Sasa tuone inavyokuwa nyumbani. Tuchukue mfano wa kutunga, fundi umeme wa miaka 41, tumwite Baba Neema. Zamani saa kumi na mbili asubuhi yuko barabarani na begi lake la vifaa, siku hizi anakaa kwenye kochi mpaka saa tano anaangalia tivii ambayo hata haifuatilii. Mke akimwambia "Baba Neema, maji ya kuoga tayari, nenda kaoge" anainuka anaenda anaoga vizuri kabisa anarudi. Asipoambiwa, siku nne zinapita. Hana huzuni, ukimuuliza una nini anasema sina kitu, na kweli hana kitu, halii, anakula, analala. Hiyo sio sonona wala sio uvivu, ni kile kiwashio cha ndani kinachomfanya mtu aanze jambo ambacho kimezimika, wataalamu wanaita apathi. Na hii ndiyo inawachanganya ndugu kuliko zote, maana wanaona akiambiwa anafanya, kwahiyo wanahitimisha kwamba anaweza ila hataki.

Halafu kuna upande wa pili. Huyohuyo asiyejali kitu, chai yake anataka saa moja kamili jioni. Ikifika saa moja na dakika kumi bila chai, birika linaruka. Watoto wanakimbilia uani, mke anatetemeka, na baada ya robo saa Baba Neema anauliza kwa upole kabisa leo tunakula nini, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mke anabaki na donge siku tatu, mume ameshasahau. Watu wa nje wakisikia wanasema huyo ana kiburi, au ana mwanamke nje, au karogwa. Ukweli ni kwamba ubongo wake hauwezi tena kubadili gia haraka, kitu kimepangwa saa moja na saa moja imepita na hana breki ya kuizuia ile hasira isitoke.

Na kujizuia kunapopungua hakuishii kwenye hasira. Ripoti ile ya 1872 inataja wanaume wawili wa East Hampton, watu wa miaka kama hamsini, wana wake zao hai, ugonjwa umeshawashika kiasi kwamba kutembea kwenyewe kwa shida na mgeni angedhani wamelewa, lakini kila wakiona msichana lazima wamtongoze, na wala hawaoni kama kuna ubaya wowote. Huntington aliandika bila kuwachamba, aliona ni sehemu ya ugonjwa. Leo wangekuwa gumzo mtaa mzima, na shemeji mmoja angeshaitisha kikao.

Kikao chenyewe sasa. Wazee wamekaa, Baba Neema kaletwa, anaulizwa kuhusu birika, kuhusu pikipiki aliyoichukua kwa mkopo bila kumwambia mtu, anajibu mimi mzima, nyie ndio mnanitafuta ubaya. Kila mtu anaona anajitetea. Lakini moja ya mambo ya ajabu ya Huntington ni kwamba mgonjwa mara nyingi hajioni kabisa, mpaka vidole vinavyochezacheza mbele ya macho yake anaweza kukwambia havichezi, na hadanganyi. Ile sehemu ya ubongo inayotakiwa imwambie "umebadilika" nayo imeguswa. Kwahiyo kumbishia ni kupoteza pumzi, na kumlazimisha akiri ndio kabisa, utapata birika la pili.

Hapa nataka nitaje takwimu moja maana inavunja dhana kubwa. Kwenye rejista ya wagonjwa ya Ulaya, watu karibu 2,000, matokeo yaliyochapishwa 2014, asilimia kama 28 walikuwa na apathi ya kiwango cha kati au kikali ndani ya mwezi mmoja uliopita, sonona kama 13, hasira na ukali kama 14, kung'ang'ania mawazo na kurudiarudia vitu kama 13, na wale wa kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo, asilimia moja na kidogo. Moja! Yaani hicho ambacho sisi kwa macho yetu tunakihesabu kuwa ndio ugonjwa wa akili, mtu kuongea peke yake, kuvua nguo, kufukuzwa na watu asiowaona, hapa ndio cha nadra kuliko vyote. Kilichojaa ni kile ambacho sisi hatukihesabu kama ugonjwa: uzito wa kuanza jambo, hasira, ubishi usioisha, wasiwasi. Ndio maana miaka inapita. Ndugu wanasubiri kichaa kinachoeleweka, na hakiji.

Kuna watu watasema, sasa si kawaida tu mtu mwenye ugonjwa usiopona katika ukoo wake kuwa na huzuni, nani asingekuwa na stresi? Hoja ina uzito, siipuuzi. Mtu amelelewa na baba anayerusha vyombo, amemuuguza mama mpaka kaburini, hata kama hakurithi ile jeni atakuwa na majeraha yake, na tafiti zimewakuta ndugu wasio na jeni nao wana sonona na wasiwasi. Lakini apathi ni kesi nyingine. Yenyewe inapanda kadiri ugonjwa unavyosonga mbele na ubongo unavyosinyaa, wakati sonona inapanda na kushuka bila kufuata mstari. Hiyo inanitosha kusema kwamba sio yote ni majibu ya moyo kwa habari mbaya. Mengine ni ugonjwa wenyewe uko kazini.

Na hapo naona tatizo la namna wataalamu wakubwa wanavyoupima. Kwa miaka mingi mtu anasemwa rasmi kwamba "ugonjwa umeanza" siku daktari anaporidhika na dalili za viungo, hata kama ameshafukuzwa kazi na kuachwa na mke kabla ya hiyo siku. Mwaka 2022 wakatoa mfumo mpya wa hatua kwa ajili ya utafiti, wa kisasa kweli, hatua ya 0 una jeni tu, hatua ya 1 picha za ubongo zinaonesha striatamu imepungua, hatua ya 2 vipimo vya viungo au kimojawapo cha kasi ya kufikiri vimeshuka, hatua ya 3 shughuli za maisha zimeanza kukushinda. Umeona hasira iko wapi? Sonona je? Haimo. Sababu zao nazielewa, dalili hizi zipo hata kwa watu wasio na Huntington, zinapanda na kushuka, zinabadilishwa na dawa, huwezi kuzijengea mstari ulionyooka wa kupima dawa mpya. Kwa utafiti, sawa. Shida ni kwamba fomu za utafiti zina tabia ya kushuka mpaka kliniki, na kliniki kisichokuwa kwenye fomu hakiulizwi, daktari atakukagua ulimi, macho, vidole, mwendo, atakupa miezi sita urudi, na hakuna aliyemuuliza mke usiku huwa kunakuwaje.

Dawa nazo zina mtego wake. Tetrabenazini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2008 kwa ajili ya kutuliza viungo, inakuja na onyo kubwa kabisa kwamba inaweza kuleta au kuzidisha sonona na mawazo ya kujiua. Fikiria mtu ambaye kuchezacheza kwenyewe hakumsumbui (nimesema hajioni), anapewa dawa kwa sababu sisi tunaomwangalia ndio tunaona vibaya, halafu moyo unazama. Huku kwetu kinachopatikana zaidi ni haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, na yenyewe inatuliza viungo kweli, inapunguza ukali pia, ila dozi ikizidi inamkakamaza mtu na kumzubaisha, yaani unamwongezea apathi juu ya apathi halafu nyumbani wanasema sasa katulia. Na kuna mkanganyiko mbaya zaidi: mtu ameingia hospitali ya akili miaka kumi iliyopita kwa ukali na tabia za ajabu, akaandikiwa skizofrenia (ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo), akawekwa kwenye hizi dawa, miaka ikienda viungo vinaanza kucheza na kila mtu anasema ni madhara ya dawa, maana kweli dawa hizo zikitumika muda mrefu zinaweza kuleta miondoko isiyo ya hiari. Faili linafungwa hapo. Ambaye angelifungua ni yule ambaye angeuliza swali moja tu: mzazi wako alikufaje?

Hili sio jambo la kufikirika. Woody Guthrie, mwimbaji wa Oklahoma, mama yake alipelekwa hospitali ya vichaa na akafia huko mwaka 1930. Yeye mwenyewe alipoanza kubadilika watu walisema pombe, hospitali nazo zikamwita mlevi, zikamwita mwenye skizofrenia, mpaka 1952 ndipo likatajwa jina sahihi. Alikufa 1967 akiwa na miaka 55, sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho ilikuwa ndani ya hospitali za magonjwa ya akili, na mke wake wa pili, Marjorie, mwaka huohuo akaanzisha kamati ya kupambana na ugonjwa huo. Leonore Wexler naye, mgonjwa mwingine, mama yake mtafiti Nancy Wexler, mwaka 1968 asubuhi akivuka barabara Los Angeles polisi alimfokea kwamba amelewa. Kule ziwa Maracaibo Venezuela, ambako kuna familia nyingi kuliko popote, daktari Américo Negrette alipofika miaka ya 1950 na kuona watu wanapepesuka barabarani, naye kwanza alidhani ni walevi, mpaka wenyeji walipomwambia ni wagonjwa. Ulevi, ulevi, ulevi. Sisi tungeongeza uchawi na mapepo, tofauti ni hiyo tu.

Maana tuwe wakweli, Afrika Mashariki njia ya mgonjwa huyu inajulikana hata kabla hajaanza kutembea. Mganga kwanza au mchungaji kwanza, inategemea familia, baadaye hospitali ya akili, Mirembe ukiwa Tanzania au Mathari ukiwa Kenya, na daktari wa mishipa ya fahamu anakuja mwisho kama nauli ipo. Siwalaumu ndugu, ukoo ambao watu wake wanaharibikiwa wakifika miaka arobaini, baba, halafu shangazi, halafu kaka mkubwa, ukiutazama unafanana kabisa na laana, na anayesema laana ya ukoo amegundua kitu sahihi, kwamba inatembea kwenye damu, kakosea aliyeituma tu. Kinachoniudhi ni kuficha. Ukifika kliniki na kuulizwa historia ya familia unajibu "baba alikufa kwa presha" kwa sababu unaogopa wadogo zako wa kike hawataolewa, hapo umemnyima daktari ufunguo pekee aliokuwa anauhitaji.

Lingine la kwetu hasa. Kuna ugonjwa unaofanana na Huntington karibu kila kitu, viungo, tabia, kumbukumbu, ila jeni yake ni nyingine, JPH3 kwenye kromosomu ya 16, ulitambuliwa 2001, unaitwa Huntington-kama namba 2, na wagonjwa wake karibu wote wanaojulikana wana asili ya Afrika, wengi wameripotiwa Afrika Kusini. Maana yake mtu mweusi anaweza kupima Huntington, majibu yakarudi hana, akaambiwa basi ni akili tu. Sio basi. Na kabla ya yote hayo, kijana akianza kubadilika tabia huku anatetemeka, anaongea kwa shida, au ini lina matatizo, mtu afikirie ugonjwa wa Wilson, nao wa kurithi, madini ya shaba yanajaa kwenye ini na ubongo, unaweza kuanza kama ugonjwa wa akili kabisa na huu una dawa, penisilamini ipo tangu miaka ya 1950. Kumkosa huyu kwa sababu uliridhika na neno kichaa ni dhambi kubwa kuliko nyingine zote kwenye makala hii.

Tuje kwenye kujiua, maana Huntington alilitaja na sisi hatulitaji. Utafiti umeonesha vipindi viwili vya hatari zaidi: cha kwanza pale mtu anapoanza kuhisi kuna kitu lakini hajaambiwa rasmi, cha pili pale anapoanza kunyang'anywa maisha yake, haendeshi tena gari, hashiki tena hela, kazi imeisha. Vyote viwili ni vipindi ambavyo mtu anaonekana bado "mzima mzima" na hakuna anayemuuliza. Muulize. Kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kufa hakumpandikizii wazo, kunampa mlango wa kusema, na akisema ndio usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kenya Mahakama Kuu mwezi Januari 2025 ilisema kifungu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na katiba, na ilikuwa imechelewa. Tanzania bado kosa limo kwenye Kanuni ya Adhabu, sasa niambie mgonjwa wa namna hii atamwambia nani ukweli wakati anajua karibu na daktari kuna polisi.

Na ndio maana suala la kupima jeni sio la kukimbiliana. Tangu jeni ipatikane 1993 mtu anaweza kujua akiwa na miaka 20 kitakachompata akiwa na 45, na walio wengi walio kwenye hatari, hata nchi ambazo kipimo kipo karibu na kila mtu, wameamua kutojua. Nancy Wexler mwenyewe, mwanasaikolojia aliyeongoza utafiti wa Maracaibo uliosaidia kuipata hiyo jeni, alikaa miaka mingi bila kusema lolote kuhusu hali yake, akatangaza hadharani mwaka 2020, akiwa na miaka 74, kwamba na yeye anaumwa. Watoto wasipimwe kwa sababu wazazi wana hamu ya kujua. Mtu mzima apate mshauri nasaha kabla na baada, na asisukumwe na mchumba wala mwajiri.

Kuhusu Baba Neema, kuna mambo yanayowezekana kesho asubuhi bila kusubiri dawa mpya za jeni ambazo bado ziko kwenye majaribio. Sonona na hasira zinajibu dawa za kawaida, fluoksetini au setralini, zikiandikwa na daktari na kufuatiliwa, na wengi wanapata nafuu. Chai iwe saa moja kweli, na kama itachelewa aambiwe mapema, sio saa moja kasoro dakika moja. Usimuulize unataka kula nini, muulize wali au ugali. Mkopo na kadi ya benki vihamie kwa mtu mwingine mapema, kwa heshima, wakati bado anaweza kukubali na kusaini mwenyewe. Akiwaka toka chumbani, usishinde hoja. Na siku ya kliniki mke aingie, ila apewe na dakika kumi zake peke yake na daktari, maana mbele ya mume hatasema habari za birika.